Siku Nilipokikuta Kigoda cha Bibi

Ziara ilikuwa ya siku moja, kutoka Bariadi kwenda upande wa Busega na kurudi, na mimi sikutaka kwenda. Nilikuwa na nguo za watu mezani hazijashonwa, Jumamosi inayofuata binti yangu anaagwa, na magoti yangu si ya kupanda vilima. Lakini dada yangu ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama parokiani, na dada yangu akishaamua jambo, limeamuliwa. Alisema tutaona magofu ya mji wa mtemi wa zamani, tutaona kanisa la misheni lenye michoro, tutakula sato, tutarudi. Alisema siwezi kukaa na cherehani mpaka nife. Haya, nikapanda kosta.

Lazima nieleze kwanza habari ya kigoda, maana bila hiyo siku ile ingekuwa matembezi tu ya wanawake wa makamo waliovaa vitenge sare.

Kwetu Ngulyati, bibi yetu mzaa baba alikuwa na kigoda cha miguu mitatu. Alipofariki kikawekwa kwenye kibanda kidogo cha nyasi nyuma ya nyumba, kibanda cha masamva, yaani wazee wetu waliotangulia. Msichana wa ukoo akitaka kuolewa aliketishwa juu ya kigoda hicho, akanyunyiziwa maji yaliyokorogwa na unga wa mtama, akaombewa watoto na maisha marefu. Na anayenyunyiza ni mwanamke mwenye jina la bibi, si mwingine. Mwenye jina ni mimi. Nilipokuwa mchanga nilikataa ziwa, nikalia mpaka watu wakakata tamaa, mganga akatazama akasema mtoto huyu anadai jina la bibi yake. Nikapewa, nikanyonya. Ndivyo nilivyosimuliwa tangu nina akili. Kwa sababu ya jina hilo, mimi peke yangu kati ya watoto wote ndiye niliyeruhusiwa kuingia kile kibanda na kukipaka kigoda samli kisipasuke. Nilikijua kigoda kile kwa viganja vyangu.

Kikapotea mwaka niliopata kipaimara. Wakati huo kulikuja mwalimu wa dini mkali, akawaambia vijana walete hirizi na vitu vyote vya mizimu vichomwe nje ya kanisa. Moto ukawashwa, sisi tukaimba. Mimi nina sauti, siwezi kukataa, niliimba mpaka koo likauma. Lakini sikuchoma hata ushanga. Wiki hiyohiyo baba akaingia kibandani akakuta mahali pa kigoda pako wazi. Nani mwingine anaingia mle? Nani aliyekuwa anaimba kuliko wote? Ukoo mzima ukanigeukia, na tangu siku ile mimi ni yule aliyekichoma kigoda cha bibi yake.

Mtu asiyekulia kwenye ukoo kama wetu anaweza kusema, ah, kigoda tu. Ngoja nikwambie. Pamba ikishambuliwa na wadudu, ni mimi. Ng'ombe wa kaka yangu akitupa ndama, ni mimi. Mabinti wakaanza kubarikiwa wamesimama, na wazee wakaamua kwamba atakayeshika bakuli la maji hayo ni dada yangu mkubwa, kwa kuwa ametulia na mikono yake ni safi. Mimi niketi na wageni. Baba alipokuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda kumuuguza, nikamshika kichwa nimnyweshe uji. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ulikitupa wapi?" Nikamwambia baba, sijui, naapa sijui. Akafunga mdomo, akageukia ukutani, na uji ule alikuja kunyweshwa na dada.

Na hapa ndipo penye uchungu wenyewe, kwa hiyo nitapasema mapema. Katika watu wote wale, dada yangu peke yake aliniambia ananiamini. Siku baba anageukia ukuta, alinifuata jikoni, akanikumbatia, akasema, "Mdogo wangu, mimi najua hukukichoma." Nililia kifuani kwake kama mtoto. Miaka yote ile nilikuwa nikijiliwaza kwamba angalau ninaye yeye.

Sasa binti yangu, wa pekee, anaolewa. Nilikwenda kwa kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye anayekaa kwenye mji wa baba sasa, nikamwomba kwa heshima zote aniachie nimnyunyizie maji mwanangu mwenyewe, mara moja tu maishani. Akakataa. Hakuwa mkali, alisema tu kwamba watu watanong'ona, tena mbele ya wakwe. Dada akanifariji tena. Alisema atashika bakuli kwa niaba yangu, nijione kama ni mkono wangu. Nikamshukuru, tena kwa kupiga magoti.

Basi tukafika kwenye mji wa mtemi asubuhi, jua halijachoma. Magofu yenyewe, kusema ukweli, ukiyaona bila kuambiwa utadhani ni mawe ya shambani. Kuna misingi ya nyumba za duara, mingine mikubwa hata kosta letu lingegeuza ndani yake. Kuna minyaa iliyokuwa ua wa mji, sasa imenenepa na kupotoka, hakuna wa kuikata. Kuna mawe ya kusagia yenye mashimo, na kaburi la mtemi lililorundikiwa mawe. Alitupokea mama mmoja wa ukoo wa mtemi, tukamwamkia mwangaluka, akaitikia, akatutembeza polepole akituonyesha ngoma zilipokaa na mahali watu walipohukumiwa. Alitueleza kwamba zamani mtemi hakurithiwa na mwanawe wa kumzaa, alirithiwa na mtoto wa dada yake. Wanawake wakacheka, mmoja akasema kumbe ndiyo maana wifi zetu wana kiburi.

Mimi nilichutama kwenye jiwe la kusagia nikaingiza mkono kwenye shimo lake. Lilikuwa laini ajabu. Nikawaza ni wanawake wangapi wamelipigia magoti pale, na leo hakuna anayejua hata jina la mmoja. Machozi yakanilenga, nina machozi ya karibu mimi. Dada akaja, akanishika mkono, akaniinua. Aliniambia nisijisumbue na mambo ya wazee, yaliyopita yamepita, mbele ya Mungu sina hatia. Kisha akatupanga wote mbele ya minyaa tukapigwa picha ya pamoja kwa simu yangu, yeye katikati, anacheka na mwanya wake.

Tulipokuwa tunapanda kosta, katibu wetu akatangaza kwamba paroko amepiga simu: kule misheni kuna chumba wamekifungua kwa wageni, kimejaa vitu vya kale, tusikose kukiona. Dada akasema hapana, muda hautoshi. Katibu akasema muda upo. Dada akasema barabara itaharibika mvua ikija. Tukatazama juu, mbingu nyeupe, hakuna wingu. Akasema vitu vile ni vya kipagani na sisi ni akina mama wa kanisa. Mtu wa nyuma akamchokoza kwamba mbona kaburi la mtemi amelizunguka mara mbili akipiga picha. Watu wakacheka, dada hakucheka. Kutoka pale hadi misheni alikaa amefumba macho, na tulipofika akasema jua limempiga kichwani, atabaki garini. Nilimwachia maji yangu ya chupa na kanga ya kujifunika. Niliona huruma, jamani.

Kanisa lile ni zuri, hilo siwezi kulinyima haki yake. Paa limejengwa la duara na kuchongoka kama nyumba ya mtemi, na kuta zote ndani zimechorwa na mikono ya watu wa hukuhuku. Bikira Maria amebeba mtungi. Wafalme waliokuja kumwona Mtoto wamevaa mavazi ya watemi, na nyuma ya hori kuna ng'ombe wenye nundu, ng'ombe wetu kabisa, mmoja anamlamba Yosefu kiwiko. Tulisimama sana kwenye mchoro wa bustani, Bwana anasali na mitume wamelala. Mwenzetu mmoja akasema yule aliyeachama mdomo ni mume wake mtupu, hata mto anavyoukumbatia ni vilevile. Tulicheka mpaka tukaona aibu, tukapiga ishara ya msalaba.

Aliyekuwa anatueleza ni katekista mstaafu, mzee mwembamba mwenye maneno mengi na meno machache, anayependa sana kusikilizwa. Kila mchoro alikuwa na hadithi yake, na kila hadithi yeye alikuwemo. Akatutoa kanisani akatupeleka kwenye jengo la zamani la kuhifadhia mbegu za pamba, akafungua kufuli, akasema, "Karibuni, mayu, mama zangu, humu ndimo walimo wazee wenu."

Ndani palikuwa na ubaridi. Ngoma, pinde, bangili za nyaya, vibuyu, mikuki, vyote vimewekwa juu ya meza ndefu na kamba imezungushwa watu wasishike. Wenzangu wakapita wakiulizana bei ya ngoma. Mimi nilifika mwisho wa meza nikasimama.

Kilikuwa pale. Mguu mmoja uliliwa na mchwa zamani, babu akaufunga waya wa shaba, waya ulikuwepo. Bibi alikuwa na nyonga mbovu, akiketi anaegemea kushoto, na kiti kimebonyea upande huo, kilikuwa kimebonyea. Niliinama nikapita chini ya kamba kama mwizi, nikaweka kiganja. Kiganja kikaingia mahali pake. Sikupiga kelele. Kitu cha kwanza nilichowaza, mjinga mimi, ni kumkimbilia dada nimwambie, dada, tumekipata.

Mzee hakunigombeza. Alikuja akasimama kando yangu, akasema nimechagua vizuri, kile ndicho kina hadithi kuliko vyote. Wenzangu walikuwa wameshatoka nje kutafuta kivuli. Akanieleza kwamba kililetwa na mwanamke kijana, wakati huo yeye mwenyewe bado ana nywele. Alikuja na baiskeli, mtoto mgongoni, kigoda kimefungwa nyuma kwa kanga. Alisema kwao vijana wanachoma vitu vya wazee, naye hataki hiki kichomwe, akaomba kitunzwe na asitajwe. Nikashusha pumzi. Nikawaza, kumbe kuna mtu mwema alikiokoa. Nikawaza labda ni shangazi.

Kisha mzee akacheka kidogo, akashusha sauti. Alisema mwanamke yule hakukiacha kweli. Kila wanapotaka kuozesha kwao huja. Huja na unga wa mtama kwenye kitambaa, humwomba amfungulie, hukaa nacho peke yake, huongea nacho, halafu huondoka. Paroko hajui, na mimi nisimwambie. "Mimi ni mtu wa kanisa," akasema, "lakini mtu akiwa na mzigo wake, unamfungia mlango?"

Ni nani kwetu anayehitaji kusema na kigoda kabla ya harusi? Ni nani anayeshika bakuli? Nilijua, na bado nilikuwa nahangaika kutafuta mtu mwingine wa kumweka pale. Nikatoa simu. Nikafungua ile picha ya asubuhi, sisi wote mbele ya minyaa, nikampa mzee bila kumwambia neno. Akaisogeza mbali na macho, akaivuta karibu, akaweka kidole katikati ya picha, kwenye mwanya. "Huyu," akasema. "Ahaa, kumbe mmekuja naye? Mbona haingii kunisalimia?"

Nilichukua simu nikaifunga, na ilipofunga ikaonyesha picha ya binti yangu, ile ninayoiweka mbele, amevaa joho la kuhitimu chuo. Mzee alikuwa bado anachungulia.

"Na binti mwenyewe huyo," akasema kwa furaha. "Alimleta mwezi uliopita. Alisema, leo nimekuja na mwanangu nimkalishe. Nikawafungulia. Akakaa hapo hapo, mtoto mzuri, mwenye adabu."

Mwanangu. Kwa desturi zetu hakukosea, mama mkubwa ni mama, na mimi pia nawaita wa kwake wanangu. Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi tangu siku ile nikijaribu kulichukua kama desturi tu. Sijaweza.

Nilimwambia mzee wabeja, asante, nikatoka. Kosta lilikuwa limeegeshwa uani, dereva ameenda kula. Dada alikuwa siti ya nyuma, kanga yangu mabegani. Aliponiona uso, akaiondoa ile kanga, akaanza kuikunja taratibu, pindo kwa pindo. Nikasimama mlangoni nikamwambia nimekiona, na nimeambiwa yote. Nilitegemea akatae. Ningempa nafasi ya kukataa, Mungu wangu, ningeipokea.

Hakukataa. Alisema alikichukua ili kisichomwe. Nikamwambia sawa, na kesho yake? Moto umezimika, mwalimu wa dini kaondoka, kesho yake? Akaendelea kukunja kanga. Nikamwambia baba alikufa amenigeuzia mgongo na wewe ulikuwa umeshika bakuli la uji. Hapo ndipo aliponitazama, na macho yake yalikuwa makavu.

"Nilimwogesha mimi," akasema. "Bibi. Kinyesi chake nilikitoa mimi, kwa mikono hii, nikiwa msichana, wenzangu wakienda ngomani. Alikufa ameshika kidole changu. Halafu ukazaliwa wewe, ukalia, wakakupa kila kitu. Kwa kulia tu."

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo hata siku moja. Namwambia ukweli msomaji, liliniingia, na kwa dakika moja nilimwonea huruma msichana yule. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kunyonya! Sikulilia jina, nililia tumbo au sikio, kama watoto wanavyolia. Yeye alikuwa mtu mzima mwenye mume na baiskeli, akaona naangamia, akaja jikoni kunikumbatia. Angeninyang'anya bakuli kwa nguvu ningemwelewa. Lakini kunifuta machozi aliyoyasababisha mwenyewe, huko ni kunila mzima mzima, tena huku ananiombea.

Nilimwambia awaambie ndugu kabla ya Jumamosi. Akasema haiwezekani, watu watasema nini juu ya mabinti wote aliowabariki, ndoa zao zitaonekanaje, watoto wao. Akaomba harusi ipite kwanza. Alilisema hilo kwa sauti ileile ya kunifariji, na ndipo nilipoogopa, maana niliona sauti hiyo anaweza kuitoa wakati wowote, kama mtu anayefungua bomba. Wenzetu wakaja na sato kwenye mifuko, wakauliza mgonjwa anaendeleaje. Akawaambia ameshapata nafuu. Njia nzima ya kurudi Bariadi waliimba, na yeye aliitikia.

Binti yangu alikuwa nyumbani, amekaa chini msusi anamfumua nywele. Nilingoja msusi aondoke. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu njiani: kwamba labda hakujua ni kigoda gani, labda aliambiwa ni cha watu wengine. Nilitaka sana asijue. Nikamuuliza kama aliwahi kupelekwa misheni, akainamisha kichwa, akaanza kuokota nywele sakafuni.

Alijua. Mama mkubwa alimwonyesha waya wa shaba na kumweleza yote, hata ya baiskeli, akamwapisha. Nilimuuliza ilikuwaje akarudi nyumbani siku ile, akala chakula nilichopika, akanisikia nikimpigia simu mjomba wake kumbembeleza tena aniachie bakuli, akakaa kimya. Akasema hakutaka ugomvi karibu na harusi. Akasema wakwe ni watu wa maneno. Akasema mama mkubwa amemlipia ukumbi. Nikamwambia yote hayo nimeyasikia, lakini mimi je? Mimi mama yako?

"Wewe umeshazoea, mama," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniuma. Alisema kama mtu anayeniambia viatu vyangu vya zamani bado vinafaa. Niliingia chumbani, nikakaa kitandani na nguo za safari, vumbi la magofu bado limenishika miguuni, nikalia bila sauti ili nisimharibie.

Wiki ile sikumwambia mtu. Nilimalizia nguo za watu, nikashona na gauni langu la kijani. Moyoni, sitakuficha, nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilijiambia ni mtoto mmoja tu ninaye, aolewe kwa amani, nitakufa na jina langu baya kama nilivyoishi nalo. Jumamosi asubuhi tukawa Ngulyati, turubai limefungwa, wakwe wamekaa upande wao, wanawake wa ukoo tumejipanga uani. Binti yangu amesimama katikati, kitenge kipya, uso chini. Dada kashika bakuli la maji ya unga.

Kwetu, kabla bakuli halijainuliwa, kinapitishwa kibuyu cha maji matupu kwa wanawake wote waliomlea binti. Kila mmoja anapiga funda moja, anasukutua, anatema chini, kuonyesha kwamba kinywani mwake hamna neno baya lililobaki. Ukitema huku una kinyongo, baraka hiyo ni ya uongo, na inasemekana anayelipa ni tumbo la mtoto. Hakuna anayeuliza swali. Unatema tu, kibuyu kinaendelea.

Wake wa kaka zangu wakatema. Shangazi akatema, akafuta mdomo. Dada akakishika kibuyu, akapiga funda, akatema mbali, vizuri, huku ananitazama. Kisha akanipa mimi.

Nilijaza mdomo. Maji yalikuwa ya moto kwa jua. Niliinama niteme, nikaona miguu ya mwanangu imepakwa hina, vidole vyake vidogo ninavyovijua vyote, na nikajua kwamba nikitema nitakuwa nimemdanganya mbele ya wafu na walio hai, siku ya kubarikiwa kwake, na nisipotema nitamwaibisha mbele ya wakwe. Mdomo ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wanangoja.

Nikayameza.

Wanawake wa ukoo wote waliona koo langu linavyoshuka. Shangazi akasema polepole, "Huyu ana neno." Kaka yetu mkubwa akasogea, akalichukua bakuli mikononi mwa dada, akaliweka chini, akanigeukia na kuniambia niseme, maana bila hivyo hakuna kitakachoendelea.

Binti yangu akainua uso. Alikuwa ameogopa, na kama mtoto yeyote aliyeogopa alitafuta kwa macho mtu wa kumkimbilia. Nikanyoosha mikono. Alinipita, akaenda akajificha kifuani kwa dada yangu.